Breka Ikianguka, Uliza Saa

Hotuba ya fundi wa stima kwa wenye magari ya umeme na mafundi wenzake, Tudor, Mombasa

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, songeni mbele, viti vipo.

Nimeitwa nizungumzie kero moja tu, na wengi wenu mnaijua. Umechomeka gari saa tano usiku, ukalala. Asubuhi unataka kuwapeleka watoto shule, unakuta betri iko pale pale ulipoiacha jana. Unafungua boksi la breka: imeanguka. Unaiinua. Usiku wa pili, vile vile. Unamwita fundi, anatia breka mpya, unamlipa, anakwenda zake. Wiki haiishi imeanguka tena, na sasa wewe na fundi hamsalimiani.

Haya magari yanashushwa hapa hapa Kilindini, mengi yakiwa mitumba ya Japani. Yanapita mbele ya macho yetu kwenda bara, na machache yanabaki na sisi. Kwa hiyo kazi hii ni yetu, na nataka tuifanye vizuri. Nimeshika bisibisi kwa miaka 23 na sijawahi kukutana na breka iliyoanguka bila sababu. Nimekutana na sababu ndogo isiyo na hatari, na nimekutana na sababu iliyobakisha kidogo tu iteketeze nyumba. Kutoka nje, zote mbili zinafanana: kidole cha plastiki kimelala chini.

Basi kabla hujamruhusu mtu yeyote abadilishe chochote, jibu maswali mawili. Kilichoanguka ni kipi? Na kimeanguka muda gani baada ya kuchomeka?

Nianze na la kwanza. Ndani ya boksi mna vifaa vya aina mbili, na wengi wetu tunaviita vyote breka. Kimoja kinalinda waya usibebe mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Hicho ndicho breka yenyewe. Cha pili kina kitufe kidogo chenye herufi T. Hicho ni RCD, na chenyewe hakijali ukubwa wa mzigo hata kidogo. Kinalinganisha stima inayokwenda na stima inayorudi. Ikipungua inayorudi, maana yake kuna iliyotorokea ardhini, labda kupitia ukuta uliolowa, labda kupitia mwili wa mtu, nacho kinakata. Kipo pia kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili, na hicho ndicho kinachowachanganya mafundi zaidi. Na mara nyingine hakuna kilichoanguka kwenye boksi. Ni chaja yenyewe imewasha taa nyekundu na kukataa. Hayo ni malalamiko matatu tofauti. Ukimpigia fundi simu ukamwambia "stima inakata", hujamwambia kitu. Piga picha kwanza, ndipo uinue.

Swali la pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu saa haidanganyi.

Ikianguka papo hapo, hata gari halijachomekwa, tatizo liko kwenye waya au kwenye chaja. Ikianguka pale unaposikia ule mlio wa "tak" ndani ya chaja, mlio wa kontakta kufunga, ile swichi ya ndani inayoruhusu stima iende kwenye gari, basi tazama gari lenyewe au kebo yake: azima gari la jirani ulijaribu kwenye chaja yako, kisha lako ulipeleke kwa jirani. Jaribio hilo halina gharama na limewahi kunipa jibu ndani ya dakika tano. Ikianguka baada ya saa moja au mbili, hilo ni joto. Na ikianguka saa ile ile kila siku, hata kama gari lilichomekwa saa tofauti, tafuta kitu kingine ndani ya nyumba kinachoamka saa hiyo.

Niruhusuni nikae kwenye joto, maana hapa Mombasa ndipo ugonjwa ulipo.

Ndani ya breka mna kibati kilichoungwa kwa madini mawili. Stima ikipita, kibati kinapata moto, na kwa sababu madini hayo hayatanuki sawa, kinajikunja, kama jani la mnazi linavyojikunja likikauka upande mmoja. Kikijikunja vya kutosha, kinafyatua. Kwa hiyo breka haihesabu amperi, yaani wingi wa stima inayopita. Inahisi joto. Na joto halijali limetoka wapi: kwenye gari lako, kwa breka ya pembeni yake inayobeba kiyoyozi, au kwenye jua la alasiri linalopiga ukuta wa nyuma.

Breka za nyumbani hupimwa kiwandani kwenye joto la nyuzi 30. Kwa kipimo hicho, breka ya amperi 32 inatakiwa istahimili amperi 36 kwa saa nzima bila kuanguka, na kwenye 46 au zaidi kidogo lazima ianguke kabla saa haijaisha. Ndiyo maana fundi atakuapia kwamba breka ya 32 haiwezi kuangushwa na chaja ya 32. Ana haki, ikiwa boksi lako liko maabara. Lakini Februari na Machi hapa kwetu nje peke yake kumeshapita nyuzi 30, na ndani ya boksi lililofungwa, breka sita zimebanana bega kwa bega, nimepima 50. Kwenye joto hilo breka nyingi hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Ile ya 32 imeshakuwa ya 29 bila kumwambia mtu.

Na gari si kama birika. Birika la stima linachemka dakika nne, limekwisha. Shawa ya stima inakula sana, lakini hakuna anayeoga saa sita. Chaja ya amperi 32 kwa volti 240 ni karibu kilowati 7.7, mfululizo, usiku kucha. Hakuna kitu kingine nyumbani kinachofanya hivyo. Nyaya zilizokaa miaka kumi bila lawama zinaulizwa swali hili kwa mara ya kwanza.

Sasa niwaambie ya Nyali. Mwenye nyumba ni mtu mzima, mwangalifu, na jina lake tutaliacha. Chaja ilifungwa, breka 32, ikawa inaanguka kila usiku kama saa saba, saa mbili baada ya kuanza. Fundi wa kwanza akatia 32 nyingine. Ikaanguka. Wa pili akatia 40. Ikakaa siku tatu, ikaanguka. Wa tatu akatia 63, na ikatulia. Bwana akafurahi, akalipa, akasahau.

Baada ya kama mwezi, mkewe akaanza kusikia shombo la samaki kwenye ukumbi. Akafungua friji, akatoa kila kitu, akaosha kwa ndimu. Shombo lipo. Akamlaumu msichana wa kazi. Akatafuta panya aliyekufa darini. Hatimaye mtoto wa miaka tisa ndiye aliyesema: "Mama, hapa ndipo panaponuka," amesimama chini ya boksi la breka.

Nilipofungua kifuniko, ile 63 ilikuwa ya moto hata baada ya kuzimwa nusu saa. Nikalegeza skrubu ya chini, nikavuta waya. Mpira wake mwekundu ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa kwa upana wa vidole viwili, mgumu, nikiukunja unavunjika kama ganda la yai. Na shaba yenyewe nyeusi, nyuzi mbili zimekatika. Wale mafundi watatu, kila mmoja alibadilisha breka, na kila mmoja alirudisha ncha ile ile ya waya iliyoungua. Hapakuwa na aliyekata hata inchi moja kufikia shaba safi.

Hebu tuhesabu kidogo. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa sehemu tano tu za mia za omu, kikipitisha amperi 32, kinatoa joto la wati 51. Hiyo ni pasi nzima ya kuchomelea risasi, imewashwa ndani ya boksi la plastiki, kwa saa sita, watu wamelala. Breka zile mbili za 32 zililihisi joto hilo zikakata. Ya 40 ikalihisi. Ya 63 ilikuwa kubwa mno haikuhisi kitu, ikanyamaza, na plastiki ikaanza kuiva. Plastiki za vifaa vya stima zikiungua, nyingi hutoa shombo kama la samaki. Katika mji wa wavuvi, nani atashuku stima?

Juu ya dari nikakuta mengine. Waya wa milimita 4 umepitishwa kwenye paipu chini ya mabati. Waya huo kwenye breka ya 63 ni sawa na kuruhusu lori lipite daraja la baiskeli. Nikautoa wote, nikapitisha wa milimita 10, nikakata hadi shaba inayong'aa, nikabana ncha kwa lagi, kile kichwa cha chuma cha ncha ya waya, nikatia breka 40 yenye nafasi tupu pande zote mbili, na chaja nikaishusha hadi amperi 24. Hapo ndipo watu hushtuka: umenipunguzia! Ndiyo. Lakini tazama: ukishuka kutoka 32 hadi 24 umepoteza robo ya kasi, na joto kwenye kila kiungo limepungua karibu nusu, kwa sababu joto linafuata mraba wa mkondo, yaani amperi mara amperi. Kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, amperi 24 zinakupa zaidi ya uniti 34. Ni nani humu anayeendesha zaidi ya hapo kila siku, kutoka Nyali hadi kisiwani na kurudi?

Mafundi wenzangu, nisikieni kwa heri. Kuongeza namba ya breka bila kugusa waya si matengenezo. Ni kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele. Sisemi haya kumwaibisha mtu. Nasema kwa sababu kulikuwa na mtoto analala upande wa pili wa ukuta ule.

Na chumvi ya bahari tusiisahau. Nyumba ya Nyali, Shanzu, Likoni, hata Kizingo, shaba inaota ukijani ndani ya mwaka. Skrubu iliyokazwa vizuri leo, baada ya miezi michache ya kupata moto usiku na kupoa mchana imeshalegea. Zima meni swichi, hakikisha kwa tasta kwamba hakuna stima, kisha zikazwe upya, kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa breka, si kwa nguvu za mkono. Mara moja baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila mwaka. Na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Hakuna aibu kumwomba akuonyeshe kadi.

Nihamie kwenye RCD, nayo nitaieleza kwa nyumba moja ya Kisauni.

Mwalimu ana Nissan Leaf, gari la umeme. RCD yake inaanguka kila siku muda mfupi kabla ya adhana ya alfajiri. Si mchana, si saa tano usiku anapochomeka. Watu walishaanza kusema maneno mengine, mnanielewa. Nikamuuliza: "Mwalimu, nani anaamka saa hiyo?" Akasema, mama yake, anayewasha pampu ya kisima ajaze tangi watu watawadhe.

RCD ya miliamperi 30 haisubiri ifike 30. Kisheria inaruhusiwa kuanguka popote kati ya 15 na 30, na nyingi huanguka kwenye ishirini na kitu. Nikachukua mita ya koleo, ile inayosoma miliamperi, nikaifunga kwenye waya moto unaoleta stima na nyutro unaoirudisha, kwa pamoja, ili isome tofauti peke yake. Friji na taa: 3. Gari likiwa linachaji: 8. Tukamwomba mama awashe pampu: 24, na kabla sijasoma vizuri nyumba nzima ikaingia giza. Pampu yenyewe ilikuwa inavujisha 16. Iko chini ya maji ya kisima chenye chumvi kwa miaka, na kiungo cha waya wake kilifungwa kwa selotepu. Gari lilikuwa halina kosa. Kabla ya gari kununuliwa, pampu ilivuja kimya, kumi na tisa kwa jumla, na RCD ile ikavumilia. Gari likaongeza tano, kikombe kikafurika.

Tulitengeneza pampu kwanza, maana hiyo ndiyo ingeweza kumwua mama. Kisha gari likapewa RCD yake peke yake, lisichangie na jikoni wala kisima. Hata kama nyumba yako haina tatizo leo, naomba ufanye hivyo. Vifaa vya kisasa vyote huvujisha kidogo kupitia vichujio vyake, na RCD moja ya nyumba nzima inajumlisha kila kitu.

Kuna kosa jingine ambalo haliangushi kitu, ndiyo maana ni baya zaidi. Gari likiharibika ndani linaweza kuvujisha mkondo mnyoofu, ule wa betri. RCD za zamani, zenye alama ya wimbi moja tu usoni, zikipitiwa na mkondo mnyoofu zinapofuka. Mtu atarushwa na stima, nayo haikati. Tazama uso wa RCD yako: ukiona chini ya wimbi kuna mstari mwingine wa vilima vilivyotengana, hiyo ni aina A, inafaa, mradi chaja yako ina kihisio chake cha kukata mkondo mnyoofu ukifika miliamperi 6. Karatasi ya chaja itakwambia. Kama chaja haina, unahitaji aina B, ambayo bei yake inauma, lakini ndiyo yake.

Mvua za masika nazo zina kesi yao. RCD ikianguka siku za mvua tu, nenda kwenye mdomo wa kebo inapoingia kwenye chaja ya nje. Mara tisa katika kumi, tundu liko juu badala ya chini, na maji yanafuata kebo hadi ndani. Geuza, ziba, acha kebo ining'inie kidogo kabla ya kupanda ili tone lidondoke. Kisha fundi apime kwa mega, mita inayopima kama ganda la waya linavujisha, akiwa ametenganisha chaja kwanza, la sivyo volti 500 za mega zitaiua.

Wenye Leaf za Japani, mliopewa na ile kebo ya mkono: plagi yake si yetu, na nyingi zinavuta hadi amperi 15. Nimeona watu wanakata plagi, wanafunga ya pini tatu ya 13, wanachomeka kwenye soketi ya sebuleni. Fyuzi ya 13 itabeba 15 kwa masaa bila kukatika, inapata moto, na soketi inageuka kahawia. Soma kibandiko cha kebo kwanza, volti na amperi. Ukitaka kuitumia, ifungiwe soketi ya viwandani, ile ya buluu ya pini duara, yenye waya wake kutoka kwenye boksi.

Mmoja wenu alinitumia video ya Marekani, fundi wa kule anasema suluhisho ni kuondoa plagi na kuunga chaja moja kwa moja. Kule ni kweli. Sheria zao zinataka soketi ya gari ilindwe na kikata kinachoanguka kwenye miliamperi 5 hivi, wakati chaja zao tayari zina ulinzi wake wa 20. Vifaa viwili vinagombana, na kichepesi kinaanguka chaja inapojipima tu. Sisi tunatumia 30. Ukiiga dawa yao hapa, hujatibu ugonjwa wako, umemtibu mtu wa Chicago.

Na wale ambao chaja inakataa mkiwa kwenye jenereta: mara nyingi nyutro ya jenereta haijaungwa na ardhi, chaja inatafuta ardhi haioni, inakataa. Inafanya vizuri kukataa. Vile vile kwa nyumba zilizo juu ya mwamba wa matumbawe, ambako fimbo ya ardhi ilipigwa nusu futi ikakatwa ili ionekane imeingia yote. Mnazijua. Pimeni.

Hapa mezani nimeweka ile breka ya 63 ya Nyali pamoja na kipande cha waya wake. Haina stima, ishikeni, ipitisheni hadi nyuma, kunjeni ule mpira mwone unavyovunjika. Nimeleta pia daftari. Mwenye breka inayomsumbua aandike mtaa wake, kilichoanguka, na saa. Yule mama wa mstari wa pili ameinua mkono tangu nilipotaja kisima. Bi mkubwa, tuanze na wewe: pampu yako huwashwa saa ngapi?